Nimehesabu pengwini Penguin Watch miezi minne, haya ndo maoni yangu

Habari zenu. Leo naongelea huduma moja ya mtandaoni inaitwa Penguin Watch, ipo ndani ya tovuti ya Zooniverse, ni bure kabisa, hawakuuzii kitu, wanachokuomba ni macho yako na muda wako uwasaidie kuhesabu pengwini kwenye picha za Antaktika. Mi naishi Tanga na kazi yangu ni kuhesabu mizigo bandarini, magunia, katoni, mabati, kwa hiyo mke wangu aliponiona natoka zamu halafu nakaa tena mezani nahesabu ndege akaniuliza kama nalipwa. Silipwi. Nikamwambia kaa uone, akakaa, saa sita usiku ikatukuta wote wawili bado tupo pale.

Nilifikaje huko? Nilianza na Snapshot Serengeti, ule mradi wa 2012 wenye kamera 225 zilizofungwa kwenye miti na nguzo kule Serengeti, unaoneshwa picha unasema huyu nyumbu, huyu swala tomi, huyu fisi. Nao upo Zooniverse, sasa siku moja nikaona mradi wa pengwini nikasema nichungulie, sijatoka mpaka leo.

Kilichonikamata ni kwa nini wanamhitaji mtu wa Tanga awahesabie. Pengwini wengi wa kule wanataga juu ya mawe ya pwani kiangazi cha kusini, Oktoba na Novemba huko ndo wanaanza, na kufika ni kwa meli, mnavuka bahari chafu kati ya ncha ya Amerika Kusini na Antaktika, barafu ikiziba njia hamshuki. Mtafiti akibahatika anashuka kwenye maskani moja ya ndege masaa machache tu, anahesabu viota kwa kile kidude cha kubonyeza mkononi, anarudia mara tatu mpaka namba zikaribiane, afu anarudi melini. Siku zingine zote za mwaka hamna mtu. Yai limeliwa lini, theluji imefukia viota wiki gani, vifaranga wangapi wamekua hadi kuingia baharini, hamna wa kumuuliza. Ndo mtafiti Tom Hart, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Oxford, na wenzake wakafunga kamera kule, zimekandamizwa na mawe upepo usiziangushe, zinapiga picha zenyewe karibu kila saa ya mchana mwaka mzima hata baridi kali, na mtu anazipitia kama mara moja kwa mwaka kubadilisha betri na kuchukua kadi. Picha zikawazidi, 2014 wakafungua mlango kwa yeyote mwenye intaneti.

Matumizi yake ni mepesi. Hata bila akaunti unaanza, ila fungua akaunti ili ujue umefanya picha ngapi. Inakuja picha, unaulizwa kuna mnyama au hamna, akiwepo unachagua alama, mkubwa, kifaranga, yai, au kiumbe kingine, unabofya juu ya kila mmoja katikati. Picha ikiwa imejaa sana ukishaweka alama 30 unaruhusiwa kwenda nyingine. Na picha isiyo na ndege hata mmoja nayo ni kazi, unasema hamna, unaendelea, maana kule wanataka kujua hata siku ambayo maskani yalikuwa matupu.

Kama mtu wa hesabu nikwambie kitu nilichokipenda kuliko vyote. Bandarini mzigo hauhesabiwi na mtu mmoja, yupo wa upande wa meli na yupo wa upande wa mwenye mzigo, kila mtu na karatasi yake, mwisho wa zamu mnalinganisha, zikipishana mnaanza kutafutana. Hawa nao wanafanya hivyohivyo, picha moja inapitiwa na watu kadhaa, huoni mwenzako kaweka alama wapi, halafu alama zote zinawekwa juu ya nyingine, pale zinaporundikana ndo kuna ndege kweli. Kwa hiyo ukikosea mmoja hujaharibu kitu, ila pia hakuna sababu ya kubahatisha. Gunia ambalo hukuliona likipita huliandiki. Mwanzoni nilikuwa naona pengwini mkubwa amelala kifudifudi kwenye kiota najiambia huyu lazima ana yai chini yake, naweka alama ya yai. Sivyo. Yai linawekwa likionekana tu. Ilinichukua kama wiki mbili kuuzoea mkono wangu kuacha.

Kuna picha moja binti yangu wa darasa la sita aliiona kabla yangu. Jentu, wale wenye doa jeupe juu ya jicho na mdomo wa chungwa, kiota chake ni duara la vijiwe vilivyopangwa, mkubwa kasimama kainamisha shingo, mi nikaweka alama moja nikataka kusonga. Akanishika mkono. "Baba subiri, kuna kichwa kingine hapo tumboni." Nikavuta picha, nikaona kweli, chini ya manyoya meupe ya mzazi kimetokeza kidomo na kipande cha shingo ya kijivu, na pembeni yake kidomo cha pili kimefumbwa. Vifaranga wawili. Jentu hutaga mayai mawili, maana yake wote wawili walikuwa wametotolewa na wapo hai saa ile. "Na yule wa kahawia kule je?" akauliza. Nikamwambia yule ni ndege anaitwa skua, ndo mwizi wa mayai na vifaranga, muwekee alama ya kiumbe kingine. Akaweka, afu akakaa kimya anaitazama ile picha, kisha akaniuliza kama kesho tutaona kimetokea nini.

Hapo ndo penye maumivu, na nawaambia mapema msije kushangaa. Picha haziji kwa mfuatano. Unaona vifaranga wawili hapa, ukibofya inayofuata ni maskani mengine, majira mengine, theluji tupu. Huwezi kumfuata ndege wako. Kitaalamu naelewa, ukijua picha ya jana ilikuwa na wangapi utaanza kuhesabu kwa kumbukumbu badala ya macho, lakini mtoto huwezi kumweleza hivyo saa tatu usiku. Lipo jukwaa lao la maongezi, unaweza kuuliza kuhusu picha yako na watu wenye uzoefu wanajibu.

Watu wananiuliza, sasa hizo namba zinaenda wapi? Zinaenda mbali. Kundi moja la picha 73,802 kutoka kamera 15, za Machi 2012 hadi Januari 2014, lilishatolewa wazi pamoja na alama za wahesabuji wa kawaida, mtafiti yeyote achukue. Alama hizo ndo pia zimefundishia programu ya kompyuta inaitwa Pengbot ihesabu yenyewe. Na kamera hizi zilionesha jentu wanarudi kwenye maskani yao ya kutagia hata katikati ya baridi, wakati ambao hamna mtafiti wa kuwaona.

Ila msidhani kamera inatosha, nayo ina mpaka, inaona kona moja tu ya maskani. Kujua ukubwa wote wanatumia njia zingine, setilaiti zinaona madoa ya kinyesi cha pengwini kutoka angani, yana rangi ya waridi kwa sababu ya uduvi wanaokula, na ndo jinsi makundi makubwa ya pengwini wa Danger Islands yalivyogundulika. Visiwa vile vipo karibu na ncha ya Rasi ya Antaktika, watu walikuwa hawajui kuna pengwini wangapi, watafiti wakaenda Desemba 2015 wakahesabu kwa miguu na kwa droni, wakapata jozi 751,527 za pengwini wa adeli. Hebu fikiria mzigo wa namna hiyo upo gatini na kwenye karatasi haumo. Halafu kinyume chake ni Elephant Island, pale kuna wale wenye mstari mweusi kidevuni kama kamba ya kofia, 1971 walihesabiwa jozi 122,550, watu waliporudi 2020 wakakuta 52,786. Zaidi ya nusu hawapo. Mimi namba hiyo nilipoisoma niliweka simu chini, kwa kazi yangu najua pengo la namna hiyo likitokea kwenye shehena kila mtu anaitwa, lakini pale ukisema nani aitwe, joto la bahari, barafu inayopungua, uduvi wanaovuliwa kwa meli kubwa, vyote vinatajwa. Kuna nchi zinazokaa pamoja kwenye tume ya CCAMLR kupanga uvuvi wa kule, ndo walioweka hifadhi ya Ross Sea iliyoanza kazi Desemba 2017, na hifadhi inayopendekezwa kwa Rasi ya Antaktika bado hawajakubaliana. Pale mezani bila hesabu huna hoja.

Juu ya hayo homa ya mafua ya ndege ilifika kisiwa cha South Georgia 2023 na mapema 2024 ikaonekana bara lenyewe kwa ndege aina ya skua. Sasa kila mguu wa binadamu unaoshuka pale ni wasiwasi, na kamera haibebi ugonjwa kwenye viatu.

Mambo ya vitendo. Simu inafaa lakini ya kioo kidogo inachosha, kifaranga wa mbali ni kama punje ya ulezi, nilipohamia kwenye kompyuta ya shemeji yangu niligundua nilikuwa nawaacha wengi. Picha zinakula bando, mi nafanya usiku bando likiwa rahisi. Usikae zaidi ya nusu saa mfululizo, jicho likichoka linaona mawe ni ndege, amka kunywa chai urudi. Maelekezo niliyotumia ni Kiingereza chepesi, binti nilimtafsiria mara moja tu akashika.

Na nina ombi langu. Kwetu kuna Fungu Mbaraka, kile kisiwa kidogo cha matumbawe kusini mashariki ya Unguja ambacho ndege wa baharini wanataga chini kwenye mchanga, wavuvi wanakijua vizuri. Mwenye uwezo wa kufunga kamera hata mbili pale afunge, wahesabuji nitamletea kuanzia nyumbani kwangu.

Nyota natoa 5 kati ya 5. Picha zikiisha mradi husimama mpaka zipakiwe nyingine, ukikuta hivyo usifute akaunti, ingia kwenye mradi mwingine uwe unarudi kuchungulia. Sisi tunachungulia kila Jumamosi jioni, binti ndo anaandika kwenye daftari tumefika picha ya ngapi.