TAHADHARI: Tapeli wa pointi za reli za bustani, maeneo ya Leicester

Nina hasira mpaka mikono inatetemeka, mtanisamehe lugha. Yule jamaa anayeuza reli za mitumba za treni ndogo za bustanini huku kwetu Leicester, pamoja na pointi, vile vipande vya kugeuzia treni njia, anayejiita Mtabora mwenzetu, ni tapeli. Tapeli mkavu! Waliokuwepo bustanini kwangu Jumapili waliona: injini imepita salama, behewa la kwanza limepita, la pili bogi la mbele (ile fremu ya magurudumu inayojizungusha chini ya behewa) likashika mchepuko, njia ya kando, bogi la nyuma likanyoosha, behewa likalala ubavu mbele ya wakwe zangu. Tukalirudisha, likaanguka palepale.

Sikilizeni alivyofanya. Karakana safi, vifaa vimepangwa, mkewe kaleta chai. Pointi nne mezani, shaba inang'aa. Akasema ni LGB halisi, ile chapa ya Ujerumani ya treni za bustani, zile za kona kali ya nusu kipenyo cha milimita 600. Nani asiyezijua LGB? Zipo tangu 1968, zinakaa nje kwenye mvua na theluji. Akachukua kijiinjini cha ekseli mbili, akakisukuma polepole njia iliyonyooka, kikapita. Akageuza pointi, akakisukuma kwenye mchepuko, kikapita. Nikamwambia tujaribu na behewa la bogi. Akacheka: "Kaka, hapa hata meli itapita." Hapohapo akaingiza habari za marehemu baba yake, eti alikuwa pointsmani Tabora, ndiye aliyekuwa akiachanisha treni za Kigoma na za Mwanza. Mnajua mimi na Reli ya Kati. Bustani yote nimeijenga kwa ajili yake, kipimo cha 1:22.5, ili upana wa mita moja wa reli ya kule uwe karibu milimita 45 hapa. Mtu anakutajia Tabora, anamwapia marehemu baba yake, utamtolea kalipa umpime? Yeyote kati yenu angelipa. Nikamtumia pauni 180 kwa simu, nikiwa bado nimeshika kikombe chake.

Nilipompigia kulalamika, kosa likawa langu. Eti magurudumu yangu mabaya. Nikapima mgongo kwa mgongo, yaani nafasi kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja: milimita 40, sawasawa. Eti ardhi imebonyea. Nikafukua kokoto, nikapanga mataruma upya, nikaweka pima maji, imelala sawa. Mwisho akataka pauni 40 nyingine "azirekebishe". Nilipokataa akanifungia namba.

Jana usiku nikafungua moja. Springi ya kwenye kisanduku cha kugeuzia haimo, kaweka kipande cha mpira! Ulimi, ile reli nyembamba inayosogea kugeuza njia, haushikani na reli ya pembeni, unaacha upenyo, na ukingo wa gurudumu unajipenyeza humo. Ile reli fupi ya kinga nayo, inayolishika gurudumu lisipotee pale reli zinapokatana, ilikuwa imevunjika, kaigandisha kwa gundi mbali na mahali pake. Kijiinjini chake kilipita kwa sababu ni kifupi na alikisindikiza kwa kidole. Alijua! Alijua tangu anamimina chai!

Mtu wa namna hii anyang'anywe hiyo karakana. Arudishe hela ya kila mtu, kisha polisi wamhoji mbele ya majirani zake aone aibu niliyoiona mimi. Na aache kabisa kumtumia baba yake kuibia watu. Kama kweli mzee alikuwa pointsmani, alibeba roho za abiria mkononi, na mwanawe anauza ulimi usiofunga!

Mkikutana naye: shaba iliyopigwa msasa mno, gundi nyeusi upande wa chini, na hataki behewa la bogi lipite. Usukume ulimi kwa kidole kisha uuachie. Usiporudi kwa nguvu kushikana na reli, ondoka. Kuna na mengine, nitaandika nikitulia.

Aliyenunua kwake asizitupe hizo pointi, hata kama zimekuudhi vipi. Zipige picha upande wa chini, hifadhi ujumbe wake wote, kisha nitafute. Nataka malalamiko yetu yaende kwa pamoja, wiki hii hii.