Blanketi Moja kwa Chumba: Usiku Wangu Jirani na Uwanja wa Songwe

Nimesubiri siku kadhaa kabla ya kuandika haya, nikitumaini kwamba hasira itapoa, lakini kila nikiikumbuka sentensi ya yule dada wa mapokezi naona ndiyo kwanza inachemka, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Jina la hoteli sitalitaja. Aliyewahi kulala pale ataitambua kwa panga boi lililoning'inia juu ya kitanda, katika nchi ambayo mwezi Juni watu huota moto.

Nilikuwa natoka Makete kwenda Dar es Salaam kumwona daktari wa macho, na kwa umri nilionao, basi la zaidi ya kilomita 800 silitamani tena ikiwa nauli ya ndege imepatikana. Mpwa wangu alinisindikiza hadi uwanjani asubuhi na mapema, nami, kwa busara ambayo wakati ule niliiona kubwa, nikalivua koti langu zito nikamkabidhi arudi nalo nyumbani, kwa sababu Dar es Salaam koti ni mzigo tu. Alipoondoka, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya njia ya kurukia. Ndege tuliisikia ikizunguka huko juu, muungurumo ukija na kwenda, lakini tumbo lake hakuna aliyeliona. Baadaye tukatangaziwa kwamba rubani amegeuza kurudi Dar es Salaam na sisi tutaondoka kesho yake. Shirika la ndege silihesabii kosa kwa hilo. Rubani anayekataa kushuka mahali asipopaona anastahili kushukuriwa. Wakatupatia karatasi za chakula na malazi katika hoteli iliyo jirani, maana mjini Mbeya ni zaidi ya kilomita 20, na barabara yenyewe ni ile ile ya malori ya Tunduma, ambayo ukinasa nyuma yake pale Mbalizi huwezi kumwahidi mtu saa ya kufika.

Mchana sikuwa na neno. Kufika saa sita jua lilikuwa linawaka kana kwamba hakukuwa na ukungu wowote, wali ulikuwa wa Kyela kweli, maana harufu yake haidanganyi, na chumba kilikuwa kimedekiwa kikang'aa. Nilimpigia hata binti yangu simu nikamwambia kwamba nimepata mapumziko ya bure.

Jua lilipozama ndipo nilipokitazama kile chumba vizuri. Sakafu ilikuwa ya vigae vitupu bila hata kipande cha zulia. Dirisha lilikuwa la kioo cha kusukuma, ambalo halikufika mwisho wa reli yake, likaacha upenyo wa kuingiza kidole. Juu kulikuwa na panga boi, kitandani kulikuwa na shuka mbili na blanketi moja, lile jepesi ambalo ukilinyanyua mbele ya taa unaiona taa. Aliyeijenga hoteli ile alikuwa na ramani ya Kigamboni mkononi, akaipandisha mlimani bila kuibadilisha hata msumari.

Saa nne usiku nilishuka mapokezi, nikamsalimu dada yule kwa adabu, nikamwomba blanketi la pili. Hakuinua macho kwenye simu yake. Alisema, "Blanketi ni moja kwa kila chumba, mzee." Nikamweleza kwamba nimeelewa utaratibu, ila ningeshukuru kama angenisaidia, kwa kuwa koti langu limerudi nyumbani. Hapo ndipo aliponitazama, akasema ile sentensi: "Kwani mzee ulikuwa hujui kwamba Mbeya kuna baridi?"

Mimi nimezaliwa Makete. Nimekua nikikanyaga umande ulioganda kama chumvi, na ng'ombe wa baba yangu niliwachunga upande wa Kitulo, ambako upepo hauulizi umevaa nini. Nakubali kwamba Songwe iko bondeni na baridi yake kwa baridi ya kwetu ni mtoto mdogo. Lakini kwetu baridi inaheshimiwa: mgeni akiingia anasogezwa jikoni penye moto kabla hajaulizwa habari za safari, na akienda kulala anapewa blanketi zito kuliko la mwenye nyumba. Kuulizwa na binti wa umri wa mjukuu wangu kama naijua baridi, tena nikiwa nimesimama mbele yake natetemeka, ni jambo ambalo sikulipatia jibu, na jibu nililolipata nikiwa ngazini halifai kuandikwa.

Nilirudi chumbani nikavaa mashati matatu na soksi mbili mbili. Saa sita nikashuka tena. Safari hii dada alikuwa amelainika kidogo, akasema kwamba anaweza kuagiza niletewe jiko la mkaa chumbani. Nawaomba wenye nyumba za wageni wa Mbeya, Njombe na Iringa wanisikilize hapa. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haisikii ikimwingia. Kila msimu wa baridi tunasikia familia fulani haikuamka. Yaani hoteli haikuwa na blanketi la kunipa, ila jeneza ilikuwa tayari kuniandalia. Nilimwambia hivyo hivyo, na sijutii.

Aliyeniokoa ni mlinzi wa getini, mtu wa Tukuyu, ambaye alikuwa ameyasikia yote kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuja na blanketi lake mwenyewe, zito, linalonuka moshi, akasema, "Baba, chukua hili. Mimi nina koti, na moto wangu uko nje." Nilikataa mara moja tu, kwa adabu, nikalipokea. Asubuhi nilipomrudishia alinisalimia "Ugonile", nikamjibu "Ndaga", na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya Kinyakyusa ninachokijua, lakini sikumbuki lini neno la shukrani limenitoka kwa moyo kiasi kile.

Kwa sababu yake, na kwa sababu ya chai ya Rungwe iliyochemshwa na tangawizi, ndizi za kupika na parachichi la kukatwa palepale, nilianza kusema moyoni kwamba labda nimewahukumu vibaya. Dada wa watu huenda alikuwa amekesha siku ya tatu. Nilikuwa tayari hata kuandika jambo jema kwenye kitabu chao cha maoni.

Kisha, nikielekea nje na begi langu, nikaupita mlango wa stoo ulioachwa wazi. Ndani kulikuwa na mablanketi yamepangwa hadi karibu na dari, mazito, yenye picha za simba na maua, bado yamo ndani ya nailoni. Nilimuuliza mhudumu aliyekuwa akifagia kama yale ni ya kuuza. Akajibu bila hila yoyote: "Hapana, mzee, hayo ni ya wageni wa semina, wanakuja wiki ijayo."

Kitabu cha maoni nilikiacha kitupu, kwa kuwa gari la uwanjani lilikuwa linapiga honi na mkono wangu ulikuwa unatetemeka, safari hii si kwa baridi. Chakula chao nakisifu. Mlinzi wao nimempelekea fedha kidogo kwa simu, na mwenye hoteli angekuwa na akili angemhamishia mapokezi leo hii. Kulala pale tena, hapana. Au tuseme, ukungu ukinishika tena sina hakika kama nitakuwa na pengine pa kwenda, lakini mpwa wangu nimeshamwambia kwamba koti halirudi Makete mpaka aione ndege imepaa kwa macho yake.