Ziara ya Kuongozwa Independence, Missouri: Historia Nzuri, Unabii Nusu

Ziara hii ya miguu, inayoendeshwa na kampuni ndogo ambayo sitaitaja, huwapeleka wageni katika sehemu ya mji wa Independence, jimbo la Missouri, ambako makanisa kadhaa yenye asili yake kwa Joseph Smith, mwanzilishi wa dini ya Wamormoni, yanapakana. Mwaka 1831 Smith alitangaza kwamba hapo ndipo penye kitovu cha Sayuni, yaani mji mtakatifu wa makimbilio wa siku za mwisho, uitwao pia Yerusalemu Mpya, na mwezi Agosti mwaka huohuo kiwanja cha hekalu kikawekwa wakfu. Hekalu alilolikusudia halijajengwa hadi leo.

Kwa upande wa historia, kiongozi wetu aliimudu kazi yake. Alieleza bila kupamba jinsi Wamormoni walivyofukuzwa Jackson County mwaka 1833, na jinsi Gavana Lilburn Boggs alivyoamuru mwaka 1838 kwamba waangamizwe au waondolewe jimboni, kiasi kwamba msikilizaji anaelewa kwa nini ahadi ya mji wa makimbilio iliwashika watu hao kwa nguvu kiasi kile.

Upungufu ulijitokeza mgeni mmoja alipouliza ni nani watakaopokelewa katika mji huo siku za mwisho. Jibu lilikuwa kwamba ni waumini peke yao, kisha tukasonga mbele. Jibu hilo halitoshi. Sehemu ya 45 ya Mafundisho na Maagano, kitabu cha Wamormoni cha mafunuo ya Smith, ufunuo wa Machi 1831, inauita Yerusalemu Mpya mahali pa usalama kwa watakatifu, lakini muda mfupi baadaye inasema kwamba kila mtu asiyetaka kuinua upanga dhidi ya jirani yake itambidi akimbilie Sayuni, na kwamba watakusanyika humo watu wa kila taifa, wakiwa ndio pekee wasiopigana wao kwa wao. Sharti linalotajwa hapo ni upanga, ubatizo hautajwi. Brigham Young, aliyeliongoza kanisa baada ya Smith, naye alifundisha kwamba hata katika milenia, yaani miaka elfu ya utawala wa Kristo duniani, watakuwapo watu wa madhehebu mengine, na sheria ya mwaka 1841 ya Nauvoo, mji wa Wamormoni katika jimbo la Illinois, iliwahakikishia uhuru wa kuabudu Wakatoliki, Wamethodisti na hata Waislamu, kwa kuwataja.

Uvumilivu huo, hata hivyo, usichukuliwe kuwa ni kukiri kwamba dini zote ni sawa. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho linajitambua kuwa kanisa la kweli lililorejeshwa, na wamisionari wake bado wanabisha hodi duniani kote. Makala ya Imani ya kumi na moja, katika muhtasari wa imani ya kanisa hilo, inadai haki ya kumwabudu Mungu kwa kufuata dhamiri na kuwaachia watu wote haki hiyohiyo. Haidai zaidi ya hapo, na kiongozi makini angeweza kulieleza jambo hili kwa dakika tano.

Hekalu la Community of Christ, kanisa jingine lenye asili yake kwa Smith, lenye mnara uliojipinda kama kombe la baharini na lililowekwa wakfu mwaka 1994, lilipitwa haraka mno, ingawa ndani yake husaliwa sala ya amani kila siku.

Naipa ziara nyota tatu kati ya tano. Anayefuata historia atatosheka. Anayefuata unabii aisome kwanza sehemu hiyo ya 45, kisha aingie mwenyewe katika kituo cha wageni kilicho jirani, ambako hakuna kiingilio na wamisionari wanapokea maswali.