Mpira wa Futsal wa Shilingi 45,000: Nimeupima kwa Magoli

Sikilizeni kwanza. Huo ni mpira namba nne wa kawaida, naudundisha kwenye saruji. Umeruka mpaka kifuani kwangu. Sasa huu wa pili... pu. Umesikia? Umeanguka, ukainuka kidogo hapa gotini, ukatulia. Pesa yote niliyolipa iko kwenye hiyo "pu".

Karibuni wadau. Niko Moshi, Soweto, kwenye uwanja wa kikapu tunaouazima Jumamosi asubuhi. Mlima umejifunika mawingu, kwa hiyo mandhari leo hamna, mtavumilia sura yangu. Tunachambua mpira wa futsal, ule mchezo wa soka la watano kwa watano kwenye uwanja mdogo mgumu, na nitauchambua kwa swali moja tu: unasaidia kufunga magoli ya futsal yenyewe, au unatuletea chandimu ndani ya uwanja wa saruji?

Huu wa kwanza, wenye maandishi ya dhahabu FUTSAL, niliununua duka moja hapahapa mjini. Duka silitaji. Mangi aliapa mpaka na mama yake. Nikafika nyumbani, nikafunga futi kamba kwenye fremu ya mlango, nikauachia kutoka mita 2. Sheria inasema mpira wa futsal ukiachiwa kutoka hapo urudi kati ya sentimita 50 na 65. Wangu ulirudi 120 na ushee. Ni namba nne ya watoto iliyoandikwa dhahabu, basi.

Huu mwingine nimeagiza Dar, ukaja na basi, shilingi 45,000 bila nauli ya mzigo. Na wenyewe siku ya kwanza ulinitia presha. Fundi baiskeli wa pale njiani aliujaza upepo kama tairi la bodaboda, ukarudi sentimita 80. Nikachomeka sindano, nikatoa upepo kidogo kidogo, napima, natoa, napima, mpaka ukasoma 61. Kwa hiyo kabla hujamtukana muuzaji, toa upepo kwanza. Uushike hivi, ubonyeze kwa dole gumba: unaingia kidogo. Mzingo wake ni sentimita 62 hadi 64, wakati namba tano, ule wa soka la kawaida, ni 68 hadi 70, lakini uzito karibu uleule, gramu 400 hadi 440. Mdogo, mzito, mvivu wa kuruka.

Sasa huo uvivu unahusu nini na magoli? Twende.

Uwanja wa futsal wa mashindano ya kimataifa ni mita 40 kwa 20 hivi, goli lina upana wa mita 3 na urefu wa 2. Simama pale golini ujitanue, uone kinachobaki. Kipa anayejua kazi yake akipiga goti moja na kutawanya mikono, goli lote limezibwa. Ukimpiga shuti la mbali anakuangalia tu, anakuhurumia. Ndiyo maana ukitazama futsal ya wenzetu wanaolipwa, goli linalojirudia ni lile la mlingoti wa pili. Pasi inatoka pembeni, inapita chini mbele ya kipa, na kule upande wa pili kuna mtu amejificha mgongoni kwa beki, anasukuma tu. Mtazamaji mgeni anasema "ah, hilo hata bibi yangu anafunga". Bibi yako asingekuwa amefika pale, kaka. Kazi ni kufika.

Ngoja niwawekee hili la Jumamosi. Simamisha hapo. Mpira umetoka, tunaurudisha kwa mguu kutoka kwenye mstari. Una sekunde 4 tu, mpinzani yuko mita 5, na huruhusiwi kufunga moja kwa moja. Mwangalieni huyu wa jezi ya njano: anamkimbilia mpigaji kama anaomba pasi, beki anamfuata, halafu anageuka ghafla. Nyuma yake pamebaki uwazi. Mpira unakatiza chini, fyuu, kipa ameshalala upande huu, mtu wa mlingoti wa pili anaweka unyayo. Goli. Sasa tazameni jaribio hilohilo na mpira wa dhahabu: unagonga kale kashimo ka saruji, unaruka, unapita juu ya mguu wake kama swala. Pasi ileile, mchezaji yuleyule.

Nilirekodi nusu saa na kila mpira. Na wa dhahabu tulifunga 9, la mlingoti wa pili moja tu, mengi yakawa mabutuo yaliyogonga mtu yakaingia. Na huu tukafunga 11, matano ya mlingoti wa pili. Huu si utafiti, ni simu yangu na watu wenye vitambi, na uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa 15, mdogo kuliko wa futsal. Ila tofauti niliiona kwa macho.

Kitu cha pili ni pivo, yule anayesimama mbele mgongo ukiwa golini. Kama Ferrão wa Brazil, aliyefungua magoli kwenye fainali ya Kombe la Dunia la futsal 2024 kule Tashkent, Brazil wakaifunga Argentina 2-1. Pivo anaukanyaga mpira kwa unyayo, anamlalia beki, anageuka. Ukiukanyaga huu, unabaki chini ya kiatu. Ule wa dhahabu unatoroka, unaanza kuufukuza kama kuku wa Krismasi.

Na dochi! Wadau, makocha wetu wametupigia kelele tangu shule ya msingi tuache dochi. Kwenye futsal dochi ni silaha halali. Hakuna nafasi ya kunyanyua mguu nyuma, kwa hiyo unachoma kwa ncha ya kiatu na kipa hasomi mwili wako. Onyo: huu ni mzito, ukipiga dochi na raba nyepesi ukucha unaondoka. Mimi wangu wa kushoto ni mweusi hivi sasa, siwaonyeshi.

Yapo magoli yasiyojali sana mpira gani. Timu ikifikisha faulo ya sita ndani ya kipindi kimoja, inapigiwa kutoka mita 10 bila ukuta. Au timu iko nyuma dakika za mwisho, inamtoa kipa na kuingiza mchezaji wa ndani, watano dhidi ya wanne, na wakipoteza tu mpira, goli liko wazi, unaweza kufunga ukiwa kwako.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini najisumbua na mchezo wa kigeni. Dada zetu walifika fainali ya Afrika Aprili 2025 kule Rabat, wakafungwa 3-2 na wenyeji Moroko, na wakaenda Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, Ufilipino. Halafu mchezo wenyewe ulianzia YMCA ya Montevideo, Uruguay, mwaka 1930, kwa mwalimu Juan Carlos Ceriani. Nikipita pale YMCA yetu huwa nacheka peke yangu.

Kasoro za huu: saruji imeshaula. Wiki tatu tu, angalieni hapa karibu na sindano, rangi imechubuka, na mshono huu umeanza kuinuka, ukucha wangu unaingia. Upepo unapungua pia, kila Jumamosi napima upya. Na kama mnacheza kwenye vumbi, Pasua au Majengo, msinunue kabisa. Kwenye vumbi unakuwa jiwe, haufiki popote, nunueni namba tano ya kawaida.

Kwa wenye saruji au sakafu ya ukumbi, changeni. Sisi tulikuwa kumi, kila mtu elfu nne na mia tano, na mmoja bado hajatoa. Anajijua, na anaitazama hii video.