Oksimita ya kidoleni kwa mjamzito mwenye presha ya mapafu: inachoweza na isichoweza

Kwenye kemisti za Kisumu na Nakuru utaikuta oksimita karibu na mashine za presha na za sukari: klipu ndogo ya plastiki yenye betri mbili za AAA na kioo cha namba mbili. Namba ya kwanza, SpO2, ni asilimia ya himoglobini (protini ya damu inayosafirisha oksijeni) iliyobeba oksijeni, na namba ya pili ni mapigo ya moyo kwa dakika. Kwa mjamzito ambaye tayari anajulikana kuwa na presha ya mapafu au valvu ya moyo (mlango wa kupitishia damu) iliyobana, ni pesa iliyotumika vizuri. Kwa anayehema na hajui kwa nini, inaweza kumpotosha.

Haipimi presha. Presha ya mapafu ni shinikizo kwenye mishipa inayopeleka damu kutoka upande wa kulia wa moyo hadi mapafuni. Wastani wake ukizidi 20 mmHg mtu akiwa amepumzika, ugonjwa upo. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa asilimia 40 hadi 50, na mishipa iliyokaza haina pa kuipitisha. Moyo unaweza kuwa unaelemewa huku klipu ikisoma 97. Kwa hiyo mama anayezimia akipanda ngazi, anayekatika pumzi akiongea, au anayeamka usiku akitafuta hewa, asirudishwe nyumbani kwa sababu namba ni nzuri. Afanyiwe eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na upesi.

Ukiwa dukani, jaribu mambo mawili kabla ya kulipa. Fungia kalamu kwenye klipu: ikitoa namba iliyotulia, iache hapo hapo. Kisha ivae, na mtu akuhesabie mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 60. Yakipishana sana na ya kwenye kioo, chagua nyingine. Ila kama mapigo yako hayana mpangilio, jambo la kawaida valvu ikiwa imebana, namba hiyo itarukaruka hata kwenye oksimita nzima, na daktari anapaswa kujua.

Nyumbani, kaa kwanza dakika 5. Ondoa rangi ya kucha. Ukucha wenye hina iliyokolea usiutumie, tafuta kidole kisafi. Ingiza kidole cha kati mpaka ncha iguse mwisho wa klipu, ukucha juu, mkono umetulia usawa wa kifua. Oksimita hupenyeza mwanga mwekundu na infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) kidoleni, kisha husoma damu inayodunda tu. Kidole chenye baridi, kama asubuhi za Nakuru mwezi wa Julai, hakidundi vya kutosha na namba hushuka bure. Sugua mikono ipate joto. Usiandike namba ya kwanza kuonekana. Subiri itulie kwa nusu dakika, ndipo uiandike pamoja na saa.

Wengi hawaambiwi kuhusu ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni ambao oksimita haikuuona ulikuwa karibu mara 3 zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kosa huelekea kwenye kusoma juu kuliko hali ilivyo, kwa hiyo 94 inayojirudia usiihesabu kuwa nzuri: piga simu kliniki. Ikishuka chini ya 92, au midomo ikibadilika rangi, nenda hospitali. Tena, mwenye damu kidogo anaweza kusoma 99, kwa kuwa oksimita haihesabu damu ni kiasi gani.

Mwinuko nao una neno lake. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Eldoret kama 2,100. Aliyepewa rufaa ya kwenda Eldoret anapanda karibu kilomita nzima kwa matatu, na oksijeni ikipungua mishipa ya mapafu hukaza zaidi. Muulize daktari kabla ya safari kama unahitaji oksijeni njiani.

Mwenye mshipa kati ya ule wa mapafu na ule mkuu wa mwili ambao haukufunga tangu kuzaliwa apime kidole cha mkono, kisha cha mguu. Mguu ukisoma chini kuliko mkono, damu isiyo na oksijeni inavuka kwenda sehemu ya chini ya mwili, na daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Mtoto akishazaliwa, klipu isirudi kabatini. Mfuko wa uzazi unapojikaza, damu nyingi hurudi moyoni kwa mkupuo, na vifo vingi vya ugonjwa huu hutokea siku na wiki za baada ya kujifungua. Weka betri mpya kwenye begi la hospitali, na uendelee kupima asubuhi na jioni mpaka daktari wa moyo aseme basi.