TAHADHARI: muuza hedi za Bedford Mombasa ni tapeli, msimtumie hata shilingi

Wenye Bedford, wenye Leyland, na nyinyi mnaozunguka na Land Rover za baba zenu, yeyote anaetafuta spea ya gari ambalo halitengenezwi tena asome hii kabla hajatuma pesa. Kuna jamaa yuko Mombasa upande wa Changamwe anauza hedi, kile chuma cha kufunika injini juu chenye valvu, ati "zilizopimwa". Hazijapimwa. Jina lake silitaji hapa manake wakili kanikataza, anaetaka kujua anitafute inbox nitamuelekeza mpaka rangi ya geti.

Lori la mzee wangu, ile Bedford, mnalijua, na ile siku lilipokwama kwenye daraja la Sabaki pia mnaijua, wengine mlikuwa mwanishikia mawe nyuma ya tairi. Fundi alipofungua akakuta hedi imepasuka baina ya valvu mbili za silinda ya tatu, maji yaingia kwenye oili mpaka oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Akasema hiki ni chuma cha kusubu, ukikichomelea hivi hivi bila kukipasha moto chote kwanza na kukiacha kipoe polepole kitapasuka tena pembeni ya pale pale, tafuta hedi nyingine. Sasa nyingine utaitoa wapi? Bedford TJ kama hii zilianza kutoka Uingereza 1958, leo waliobaki nazo pwani hii twajuana. Na maembe ya Magarini yashaiva, watu wa ngowe wanapiga simu kila asubuhi, lori liko juu ya magogo.

Ndio nikaletewa namba ya huyu bwana. Sikilizeni alivyonishika. Kitu cha kwanza aliniuliza ukubwa wa injini, "yako ni 300 ama 330?" Hapo hapo moyo ukatulia, manake wauza spea wengine ukiwatajia Bedford wanakuuliza ni ya elfu mbili na ngapi. Nikamwambia 330, silinda sita. Akacheka, akasema "aah hiyo, hiyo ilikuwa yatoka timboni na mawe mpaka juu na turnboi amelala juu ya mawe". Mtu anaeongea hivo si mgeni wa malori! Akanitumia video, hedi imezamishwa kwenye pipa la maji, mpira wa upepo umefungwa, upepo waingia, hakuna povu hata moja. Nikaiangalia video ile usiku mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini humo.

Na msiniambie nilituma pesa kwa mtu nisiyemuona. Nilienda mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa, nikamkuta katoka msikitini na kanzu yake, akaniagizia kahawa tungu na kaimati, akaniita mwanangu, akamuombea mzee dua na mikono nikainua na mimi nikaitikia amin. Hedi iko juu ya meza imetandikiwa gunia safi, imepakwa silva yang'aa. Akachukua rula ya chuma akailaza mshazari kutoka pembe hii mpaka ile, akachukua fila geji, ile bati nyembamba kabisa, akajaribu kuipitisha chini ya rula, haikupita. Akageuza pembe nyingine, haikupita. "Waona? Imenyooka." Akanishika mkono akaniwekea kiganja juu, nikapapasa, laini. Nani kati yenu angesimama pale akasema sitaki?

Na hapo hakudanganya, ilikuwa imenyooka kweli, alishaipeleka mashine ikachongwa uso. Sasa ndio nimeelewa, kunyooka na kupasuka ni vitu viwili, hedi yaweza kunyooka kabisa na ufa uko mle ndani kwenye kiti cha valvu unakuchekelea.

Alianza elfu sitini akashuka arubaini na tano "kwa heshima ya mzee wako". Nikatuma M-Pesa pale pale, jina likaja la mwanamke, akasema huyo ni mke wangu ndie mshika hesabu. Sawa, wangapi Malindi hii biashara zao ziko kwenye laini ya mke? Risiti akaandika kwenye karatasi ya daftari akagonga muhuri, ukatoka nusu. Halafu akaitia hedi kwenye gunia akaishona mdomo mwenyewe na ile sindano ya magunia, "usifungue njiani, vumbi litaingia kwenye valvu". Akanisindikiza mpaka stendi, akampa manamba mia mbili aishike kwa adabu. Mia mbili yangu hiyo anamgawia mtu mbele yangu na mimi namshukuru!

Tukafunga na gasketi mpya, fundi akakaza bolti kuanzia kati kwenda nje kwa zamu, taratibu, mnamjua yule hana haraka. Ikawaka. Ikanguruma vizuri hata majirani wakaja kutazama, mimi nishapigia watu wa maembe nikawaambia kesho. Ilipopata moto sawasawa radieta ikaanza kutoa mapovu, mipira ya maji ikajaa ikawa migumu, tukazima. Fundi akaifungua tena hedi, hasemi neno, akachukua petroli na brashi ya waya akasugua ile silva. Chini ya silva gundi ya chuma. Akaikwangua na tindo ikabanduka, na ufa ukatokea, umetoka kwenye kiti cha valvu umeenda mpaka tundu la maji, na si mmoja.

Halafu akaomba aone ile video. Akaiangalia, akairudisha nyuma, akaniambia mwanangu hebu hesabu valvu. Nane. Injini yangu ya silinda sita ina valvu kumi na mbili! Ile hedi ya kwenye pipa ni ya gari lingine kabisa la silinda nne. Na maji ya pipa ni machafu na mkono wa anaechukua video watikisika makusudi, kwa hivo yeyote anaesema angeona mara ya kwanza ni muongo.

Nikampigia. Akapokea, ati fundi wako kaikaza vibaya, hedi yangu nimekupa nzima. Fundi ambae ameanza kukaza Bedford yeye bado ananyonya! Nikamtumia picha ya ufa, akaniblok. Kutumia namba ya shemeji, akaniambia "peleka popote".

Basi tutapeleka. Wakili amesema kupata pesa kwa uongo ni kifungu cha 313 cha kanuni ya adhabu, jela miaka mitatu, na mimi naona miaka mitatu ni kidogo, huyu alistahili afungiwe hiyo hedi shingoni atembezwe nayo kutoka Changamwe mpaka Mwembe Tayari kwa miguu. Shangazi ashasema tusomee halbadiri tumalize. Mimi nimesema polisi kwanza, halbadiri iko palepale haiendi popote. Na pesa nitadai mahakama ya madai madogo, inachukua mpaka milioni moja, arubaini na tano na gasketi na nauli na hasara ya maembe zote zaingia.

Enhe, mwaulizia dalili. Rangi mbichi juu ya spea kuukuu, iogopeni. Jina la M-Pesa si lake. Gunia kushonwa. Video hesabuni valvu. Na kama mko pale pale dukani mwambie nataka niipime kwa mafuta taa na chaki, isugue mpaka kwenye chuma, paka mafuta taa, ngoja kidogo, pangusa ikauke, paka unga wa chaki, penye ufa mafuta yatarudi juu yachore mstari kwenye chaki. Akikataa, toka. Fundi ndie kanifundisha, ingawa sijui kwa nini hakunifundisha kabla sijapanda basi, hilo nalo nitamuuliza siku moja.

Kuna wawili washanipigia, mmoja wa Gongoni mmoja wa Mtwapa, silva ile ile na kahawa ile ile. Kama na wewe alikuuzia usiitupe hiyo hedi wala usimuuzie mtu wa vyuma chakavu, ilete pamoja na ujumbe wa M-Pesa, Jumatatu asubuhi twaenda kuandikisha kituoni.