Taa ya oili kwenye IST na saa ya presha niliyonunua Gerezani, Dar es Salaam: uzoefu wangu

Taa nyekundu ya oili kwenye Toyota IST yangu, ile ya injini ya 1NZ, ilianza kuwaka nikiwa kwenye foleni, injini imeshapata moto na gari liko silensa, yaani linanguruma bila kukanyaga mafuta. Nikipiga resi kidogo inazima. Stiki inaonyesha oili imejaa na injini haigongi. Dalili hii ndiyo inayochanganya watu, maana presha ikishuka kweli taa hufanya vivyo hivyo, na swichi ya oili, kile kifaa cha kwenye injini kinachowasha taa presha ikishuka, ikichoka nayo hufanya vivyo hivyo. Nikaliegesha. Taa hii haitaki ubishi, injini ikikosa presha ya oili inakufa kwa dakika chache.

Gereji ya kwanza walichomeka kompyuta, hawakukuta kodi (namba ya hitilafu) yoyote, kisha wakatoa hukumu: pampu ya oili imekwisha au beringi zimelika, injini ishushwe. Hapo ndipo nilipokataa. Swichi ya oili ya IST hizi za zamani ina waya mmoja tu, unaokwenda kwenye dashibodi bila kupita kwenye kompyuta ya injini. Kompyuta hiyo haiwezi kusema lolote kuhusu taa hii, si zuri wala baya. Kodi kama P0520 au P0524 utazikuta kwenye magari ambayo sensa yake inaongea na kompyuta.

Nikaenda Gerezani nikanunua seti ya kupimia presha: saa yenye vipimo vya presha vya bar na psi, mpira mrefu mweusi na adapta za shaba ndani ya kiboksi cha plastiki. Ni ya Kichina, haina jina la maana, na bei yake haikufika laki. Kisha nikamwita fundi umeme wa mtaani kwetu aje nyumbani.

Kabla ya kugusa spana alisema, "Bosi, washa swichi ya ufunguo tu, usipige stata." Taa ikawaka. Akachomoa waya wa swichi ya oili, taa ikazima. Akagusisha ncha ya waya kwenye bodi ya gari, ikawaka tena. Kwa hiyo waya na dashibodi ni vizima. Ingekuwa waya umechunika na kugusa bodi, taa isingezima. Halafu akanionyesha ndani ya plagi: imelowa oili. Swichi ilikuwa inavujisha kupitia plastiki yake ya katikati. Hiyo haikumtosha, na mimi pia haikunitosha, kwa sababu swichi inaweza kuvuja na pampu ikawa mbovu vilevile.

Kufunga saa ndiko kulikotutoa jasho. Kwenye tundu la swichi Toyota hutumia uzi wa kufungia wa aina ya BSPT 1/8, na adapta iliyokuwa juu kabisa kwenye boksi ni ya aina nyingine, NPT 1/8. Kwa macho ni pacha, lakini moja ina nyuzi 28 kwa inchi na nyingine 27. Inaingia mizunguko ya mwanzo vizuri, kisha inakaza. Fundi alipoisikia inakaza akaitoa haraka. Angelazimisha angekula uzi wa injini. Tukachambua boksi mpaka tukapata yake. Adapta hazijaandikwa chochote na hakuna karatasi ya maelezo, na hilo ndilo lawama langu kubwa kwa seti hii.

Injini ilipopata moto, feni ikaanza kuzunguka, saa ikasoma juu kidogo ya bar 1 silensa, na kwenye RPM 3000 ikapita bar 3. Swichi ya namna hii inatakiwa kuwasha taa presha ikiwa imeshuka chini ya nusu bar au hapo karibu. Pampu haina kosa.

Tukafunga swichi mpya. Zipo za bei ya soda, nimechukua ya Toyota yenyewe, nikapaka gundi ya uzi kidogo tu. Usiizungushie tepu nyeupe kama bomba la maji: swichi hii inapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kupitia nyuzi zake, na ikikosa ethi taa haitawaka hata siku presha imekufa.

Seti naipa nyota 3 kati ya 5. Mpira ni mgumu kupinda kwenye nafasi finyu ya IST na mshale unatetemeka silensa, ingawa unasomeka. Fundi umeme nampa 5, na alinitoza pungufu ya gharama ya lita 4 za oili.